Nani Amesema Subiri?

Mama mkwe wangu ana sheria moja ya mezani: kijiko ni kimoja, bakuli ni moja, na hakuna mtoto anayepewa kijiko cha pili kabla mwenzake hajameza cha kwanza. Aliitunga zamani, ikawalea watoto wake saba, akiwemo baba watoto wangu, ambaye mpaka leo hawezi kula bila kwanza kutazama kushoto na kulia.

Shida ni kwamba pacha wangu hawakuumbwa kwa kipimo kimoja. Mmoja tunamwita Kimbunga. Huyo kijiko hakimfuati, yeye ndiye anayekifuata. Mwingine ni Mheshimiwa, kwa sababu anakula kama mtu aliyealikwa: anapokea kijiko, anafunga mdomo, anainua kiganja kutuambia tutulie, kisha anatazama ukuta. Mashavu yamejaa uji, hatafuni, hamezi. Na kwa kuwa sheria ni sheria, Kimbunga anapiga meza, mama mkwe amekaa na kijiko hewani, na mimi nimesimama mlangoni na mkoba begani nikichelewa kazini.

"Mama, si umpe tu huyu mwingine?" nilisema asubuhi hiyo.

"Nimpe, halafu huyu ajifunze nini?"

"Huyu hajifunzi kitu, Mama. Anatazama ukuta."

"Anafikiri. Baba yake alikuwa hivyohivyo." Alinitazama juu ya miwani. "Wewe nenda. Na leo usituangushe. Hatukusoma mwaka na nusu kwa ajili ya kusimama mlangoni."

Hiyo "hatukusoma" haikuwa kuteleza ulimi. Jioni tatu kila wiki mimi nilikuwa darasani nikijifunza mitandao ya kompyuta, na yeye alikuwa nyumbani na pacha, mmoja mgongoni, mmoja ameng'ang'ania mguu. Cheti kilipotoka alikipokea yeye kabla yangu, akakitia kwenye nailoni, akakitundika juu ya rafu ya sufuria. Jirani alipomuuliza tumesomea nini hasa, alijibu bila kupepesa: "Nyaya."

Ninafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu. Nikisema ninafanya kazi, maana yake nakaa mapokezi. Naandika oda, najibu simu, na kila mteja ananiambia kwamba kazi yake ndiyo ya haraka kuliko zote. Lakini Madam, mwenye kiwanda, alipokiona cheti chetu alisema, "Vizuri. Siku mtandao ukisumbua tutakuona." Ahadi hiyo niliipanda kama mbegu kwenye kikopo cha dirishani, nikawa namwagilia kila asubuhi na kuchungulia.

Sasa mtandao ulikuwa unasumbua. Wiki ya pili mfululizo, kila ikifika saa nne, saa ya chai, kila kitu kinaganda. Picha inayotumwa kutoka meza moja kwenda nyingine inakwama njiani, mashine ya pleti inanyamaza, na sisi tunabaki kutazamana. Baada ya nusu saa hivi, bila mtu kugusa kitu, mambo yanaanza kwenda tena. Saa saba, wakati wa chakula, yanaganda upya.

Madam aliita fundi wa nje. Sisi tulimpa jina Bwana Mkoba, kwa sababu anatembea na mkoba mkubwa wa ngozi na hakuna aliyewahi kumwona akiufungua. Alizunguka chumba kizima akinusanusa, kisha akanyoosha kidole kwenye birika letu la umeme. "Adui ndiye huyu. Anakula umeme wa mtandao." Birika likafungiwa kabatini. Siku tatu tulikunywa chai iliyopoa, na mtandao ukaendelea kuganda saa nne ileile, ila sasa hatukuwa na birika la kulisingizia.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya nne bila birika, na ilikuwa siku mbaya kuganda. Tulikuwa tunachapa kitabu cha picha za wanyama kwa watoto wa chekechea, kurasa thelathini na mbili, na lori la kukichukua lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi. Pleti zote zilitakiwa zitoke siku hiyo kabla ya saa kumi, ili mitambo ya kuchapa ifanye kazi yake. Pleti ni yale mabati membamba yanayochorwa ukurasa, kisha ndiyo yanayopaka wino kwenye karatasi. Bila pleti hakuna kitabu.

Saa nne ikafika, na robo juu yake. Dada Rangi, msanifu wetu wa kurasa, alikuwa ametuma ukurasa wa twiga.

"Twiga amekwama shingoni!" alipiga kelele kutoka mezani kwake. "Jamani, mimi nitaacha kazi niende kuuza maua."

"Maua nayo yana mtandao siku hizi," alisema Mzee Kisu, akipita na kikombe chake cha chai baridi.

Mzee Kisu ndiye mkataji wetu wa karatasi. Ana miaka mingi kwenye mashine ile kuliko umri wangu, na vidole vyake bado ni kumi, jambo ambalo katika kazi hiyo ni cheti tosha. Mezani kwake kuna kompyuta ya zamani inayotunza vipimo vya kukatia, naye anaiita Bi Harusi. Jina hilo lina sababu. Karatasi ikikatwa hutoa vumbi jeupe linalotua kila mahali kama unga, kwa hiyo kwetu kuna desturi: ukiinuka, unafunika. Kila mashine ina kitambaa chake. Wengine wana shuka kuukuu, wengine gunia. Lakini kompyuta ya Mzee Kisu ina shela: kitambaa kizito cheupe, kimeshonwa na mkewe kwa mkono, kina maua pembeni na kinafika mpaka chini kama gauni.

Madam alitoka ofisini, na nyuma yake alitoka Bwana Mkoba na mkoba wake.

"Nimeamua," Madam alisema. "Mtaalamu anasema swichi yetu imezeeka. Ataleta mpya, na mtandao mzima ataushika yeye kwa mkataba. Karatasi hii hapa, bado kusaini."

Mbegu yangu kwenye kikopo niliisikia ikilia. Mkataba ukisainiwa, hakutakuwa na mtandao wa kushika mtu mwingine. Ningebaki mapokezi na cheti changu kingebaki juu ya sufuria mpaka kinukie vitunguu.

"Madam," nilisema, na sauti ilinitoka ndogo, nikairudia kubwa. "Madam, ulisema ukisumbua mtaniona. Naomba nionekane."

Dada Rangi aligeuka na kiti chake. Bwana Mkoba alitabasamu tabasamu la mtu anayetazama mtoto akivaa viatu vya babake.

"Dada, hii si simu ya kuzima na kuwasha."

"Najua. Ndiyo maana nataka kuitazama kabla haijatupwa."

Madam alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akatazama karatasi. "Lazima pleti zote ziwe zimetoka saa kumi. Zikitoka, mtandao ni wako, na mapokezi nitatafuta mtu. Zisipotoka, nasaini. Na huyu bwana atakaa hapahapa akisubiri."

"Nitakaa," alisema Bwana Mkoba, akakaa, mkoba mapajani.

Nieleze kidogo hiyo swichi, maana hata mama mkwe nilimweleza akaelewa. Ni kisanduku cha bati chenye matundu ishirini na manne. Kila kompyuta na kila mashine ina waya wake unaoingia kwenye tundu lake, na chochote kinachotoka meza hii kwenda meza ile kinapita humo. Sasa, mashine nyingine hupokea haraka na nyingine polepole. Ya polepole ikijaa, inaruhusiwa kutuma ujumbe mfupi: subiri. Swichi inasikia, inasubiri kidogo, kisha inaendelea. Huo unaitwa udhibiti wa mtiririko, na unaweza kuuwasha au kuuzima tundu kwa tundu.

Nilifungua daftari langu, lile lenye alama ya kiganja cha uji kwenye jalada. Mwalimu wa jioni alikuwa ametuambia: mkiona mtandao mzima umeganda kwa pamoja, mshukuni udhibiti wa mtiririko kwanza. Zimeni, mtaona. Nikachukua kompyuta ya mapokezi, nikaichomeka moja kwa moja kwenye swichi, nikafungua ukurasa wa mipangilio. Udhibiti wa mtiririko ulikuwa umewashwa matundu yote. Nikasema bismillahi, nikauzima matundu yote.

Taa za swichi, zilizokuwa zimetulia kama macho ya samaki sokoni, zilianza kucheza.

"Twiga anatembea!" Dada Rangi aliruka. "Ametoka shingo, ametoka mgongo, huyo! Mama Pacha, wewe ni nani lakini?"

Makofi yakapigwa. Mtu akaenda kabatini kulitoa birika gerezani. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama Bwana Mkoba kwa jicho la pembeni na nikaweka mikono kiunoni.

Mikono haikukaa kiunoni robo saa. Mashine ya pleti ilimaliza twiga, ikaanza tembo, ikakohoa, ikatema bati. Dada Rangi alilibeba kwa ncha za vidole, akaliweka mbele yangu mapokezi. Tembo alikuwa na kichwa, mkonga, masikio, na miguu miwili ya mbele. Kuanzia tumboni kwenda nyuma palikuwa peupe.

"Nusu nyingine iko wapi?" aliuliza Madam.

"Labda inakuja na lori," alisema Bwana Mkoba.

Watu walicheka, na mimi ningecheka kama tembo angekuwa wa mtu mwingine. Tulijaribu tena: safari hii tembo alipata tumbo, hakupata mkia. Mara ya tatu aliishia masikioni, akafanana na mtu anayechungulia dirishani. Mabati matatu yameharibika. Birika likarudishwa kabatini, ingawa halikuwa limefanya kosa lolote.

Nilikwenda nyuma, kwenye ghala la karatasi, nikakaa juu ya bunda. Nilijua kilichotokea, na kujua kulikuwa kunachoma zaidi. Mashine yetu ya pleti ina kumbukumbu ndogo, inachora huku ikipokea. Ikijaa, huwa inasema subiri. Mimi nilikuwa nimewaziba wote mdomo, pamoja na yeye mwenye haki ya kusema. Alikuwa anamwagiwa asichoweza kumeza, kingine kikawa kinaanguka chini. Lakini nikiwarudishia wote, tutaganda tena. Pande zote mbili ukuta.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Hujambo huko? Niambie, kile kijiko cha pili kiko wapi? Kile chekundu."

"Mama, wewe unataka kijiko cha pili?" Nilisahau hata kulia. "Na sheria?"

"Sheria ipo. Nimeirekebisha." Nyuma yake Kimbunga alikuwa anaimba wimbo wa kushiba. "Nimekaa nikawatazama hawa vizuri. Mtoto akiwa anatafuna, nitamsubiri mpaka jua lichwe, hiyo ni haki yake. Lakini huyu Mheshimiwa wako hatafuni! Ameweka uji shavuni, amelala macho wazi, mkono juu. Sasa mimi nimzuie mwenzake kwa ajili ya mtu aliyelala? Nimempa bakuli lake, akae nalo. Kijiko kiko wapi?"

Nilikuwa nimesimama juu ya bunda la karatasi.

"We mama, uko hapo?"

"Kiko kwenye kikombe cha miswaki, Mama. Mama, Mungu akuweke."

"Aniweke wapi? Kiko kwenye kikombe cha miswaki kinafanya nini?"

Nilikata simu, jambo ambalo halifanyiki kwa mama mkwe, na nililiombea radhi jioni.

Kumbe swali halikuwa kuzima au kuwasha. Lilikuwa ni: nani amesema subiri? Kuna anayetafuna, na kuna aliyelala na mkono juu. Na swichi ina ukurasa unaohesabu, tundu kwa tundu, nani ametuma ujumbe huo mara ngapi. Nilikuwa nimeupita ukurasa huo asubuhi kwa haraka zangu za kutaka kupigiwa makofi.

Nilirudi mezani. "Madam, naomba ruhusa nirudishe kama ilivyokuwa. Wote waweze kusema subiri."

"Ili tugande tena?"

"Ili tugande tena. Saa saba."

Bwana Mkoba alitoa kalamu mfukoni akamwekea Madam karibu na karatasi. Madam hakuishika. Wala hakusema ndiyo. Alisema, "Saa saba si mbali," nikaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Nikawasha upya, na hesabu za swichi nazo zikaanza upya kutoka sifuri. Tembo akatoka mzima, mpaka mkia na nywele zake za mwisho. Wakafuata simba, kobe na punda milia. Kwenye ukurasa wa hesabu niliona mashine ya pleti, tundu la pili, ikisema subiri, inanyamaza, inapokea, inasema subiri, inanyamaza. Ilikuwa inatafuna. Mwana mwema. Matundu mengine yote yalikuwa na sifuri.

Saa saba ikagonga. Watu wakainuka, vitambaa vikatandazwa juu ya mashine. Dakika ya tano, sifuri. Dakika ya kumi, sifuri. Kwenye dakika ya kumi na tano taa za swichi zikatulia, Dada Rangi akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea misiba, "Kiboko amekwama," na kwenye kioo changu tundu la saba, lililokuwa na sifuri muda wote huo, likaanza kupanda. Mia. Elfu. Elfu nne. Subiri subiri subiri subiri, bila hata kuvuta pumzi. Na swichi yetu masikini, iliyokuwa imeshika mizigo ya tundu la saba, vipimo na kila kilichotumwa huko, isiyo na pa kwenda, ikajaa mpaka shingoni, ikakosa nafasi ya mizigo ya wengine, nayo ikawaambia wote wasubiri.

"Tundu la saba ni la nani?" niliuliza.

Hakuna aliyejua. Nyaya zetu zote ni za rangi moja, na vibandiko vya majina vililiwa na mende enzi za mwenye kiwanda wa kwanza. Basi nikakunja sketi, nikapiga magoti, nikaushika waya wa saba na kuufuata kama mtu anayefuata mbuzi kwa kamba. Ulipita chini ya mapokezi, nyuma ya kabati la birika, chini ya meza ya Dada Rangi ("Samahani, dada, inua miguu"), ukavuka mlango, ukaingia chini ya meza nyingine. Nikainua kichwa, na kichwa kikaingia kwenye gauni jeupe lenye maua.

Humo ndani palikuwa na joto la ajabu. Sikufikiri. Nilifanya kile mkono wa mama hufanya wenyewe: niliweka mgongo wa kiganja changu kwenye ubavu wa Bi Harusi.

"Mzee!" niliita kutoka chini ya shela. "Mzee Kisu! Huyu mtu ana homa!"

Alikuja mbio, mdomo umejaa chakula, akanitoa kwa mkono. "Mwanangu, unafanya nini ndani ya nguo za watu?"

"Mzee, huwa anazimia?"

Alitazama chini. Watu wote walikuwa wamekusanyika, na Mzee Kisu ni mtu wa heshima zake. Alinisogelea akanong'ona, lakini sauti ya mtu aliyezeeka kando ya mashine hainong'onezeki.

"Kidogo tu. Nikirudi kutoka chai namkuta amekwama. Nabonyeza kitufe, anaamka. Sikusema kwa sababu... uzee huo, mwanangu. Wakijua, watamtupa. Halafu nani ataambiwa afuate, kama si mimi?"

Hapo tukajua mtandao ulikuwa unaponywa na nani kila siku. Mzee anainuka, anafunika vizuri kwa sababu ya vumbi, matundu ya kupumulia ya kompyuta yanazibwa na kitambaa kizito cha mapenzi, kompyuta inachemka, inazimia mkono ukiwa juu, na kiwanda kizima kinamsubiri. Mzee anarudi, anabonyeza, tunasema mtandao umerudi wenyewe.

"Basi jibu tunalo," alisema Madam. "Hilo shela litoke."

"Litoke?" Mzee Kisu alishika pindo kwa mikono miwili. "Madam, mke wangu alishona hili mwezi mzima. Macho yake si mazuri. Nikilirudisha nyumbani nitamwambia nini? Kwamba limewagandisha watu?"

Bwana Mkoba alisimama. "Kwa hiyo ni uchafu tu. Kitambaa. Dada amebahatisha. Kesho atafunika mwingine, mtaganda tena. Swichi mpya ndiyo dawa."

Na kwa kweli alikuwa amesema neno moja la maana: kesho atafunika mwingine.

"Mzee," nilisema, "mwamshe kwanza. Kisha naomba dakika mbili, halafu nataka umfunike tena. Vizuri, kama siku zote. Mpaka azimie."

"Wewe uko na sisi au uko na wao?" aliuliza Mzee Kisu.

"Mfunike tu, mzee."

Nilirudi kwenye mipangilio. Mashine ya pleti, tundu la pili: acha udhibiti uwe umewashwa, huyo anatafuna. Dada Rangi, tundu la tano, anayemlisha: acha, ili akiambiwa subiri asikie. Bi Harusi, tundu la saba: zima. Mapokezi, ofisi, wengine wote: zima. Nikahifadhi, maana mwalimu wa jioni alitulilia sana kuhusu watu wanaobadilisha na kusahau kuhifadhi. Nikasoma mara ya pili, kidole kwenye kioo. Nikasema, "Dada, tuma kiboko."

Mzee alishusha shela, akalinyoosha pindo, akarudi nyuma hatua tatu kama mtu aliyemaliza kutandika kitanda cha mgeni. Tulisimama tukitazama kitambaa. Sijui kama umewahi kusimama na watu wazima saba mkisubiri kompyuta izimie. Kiboko akatoka, akafuata nyumbu, akafuata mamba. Baada ya robo saa Mzee Kisu aliingiza mkono chini ya shela, akabonyeza herufi moja, akachungulia.

"Amezimia," alisema kwa huzuni.

Wote tukageuka kutazama swichi. Taa zilikuwa zinacheza. Taa ya saba peke yake ilikuwa imetulia, na hakuna aliyekuwa anaisubiri.

"Swala ametoka!" alipaza Dada Rangi. "Na miguu yote minne! Nimehesabu!"

Kwenye ukurasa wa hesabu, tundu la saba lilikuwa bado linasema subiri, masikini, lakini swichi ilikuwa imelipatia bakuli lake na kuendelea na wengine. Mizigo yake inaanguka chini. Akiamka atatumiwa upya. Niliwaeleza hivyo, kwa mfano wa uji, kwa sababu ndio niliokuwa nao. Wa mwisho kuelewa alikuwa Bwana Mkoba, au labda alielewa wa kwanza.

Pleti ya mwisho, ya sungura, ilitoka saa tisa na nusu na dakika chache. Madam aliishika juu kwenye mwanga, akaipitia kuanzia masikio mpaka mkia. Kisha akachukua ile karatasi ya mkataba, akaikunja mara nne, akaiingiza chini ya mguu wa meza ya mapokezi unaoyumba.

"Atakayekaa hapa baada yako asiyumbe," alisema. "Kuanzia Jumatatu mtandao ni wako. Na anza na vibandiko vya majina kwenye nyaya, sitaki tena mtu kutambaa chini ya meza zangu."

Bwana Mkoba aliinuka, akaaga kwa adabu, na mlangoni, mbele ya macho yetu yote, akaufungua mkoba. Ndani mlikuwa na mwavuli. Akautoa, maana mvua ilikuwa imeanza, akaondoka. Nakiri kwamba hapo nilimpenda kidogo.

Mzee Kisu alikuwa bado amesimama kando ya Bi Harusi. Nilimwendea.

"Mzee, shela halitoki. Ila nyuma, upande wa ukutani ambako hakuna anayeona, mama akilifungulia kidirisha, na wavu mwembamba wa kuzuia vumbi, atakuwa anapumua."

Alifikiri. "Nimwambie kuna kasoro?"

"Mwambie limependeza sana mpaka ofisi imeagiza liongezwe dirisha."

"Mwanangu," alisema, "wewe mume wako ana kazi." Lakini alikuwa anacheka, na vidole vyake kumi vilikuwa tayari vinapima nyuma ya kompyuta, upana na urefu, kama anavyopima karatasi.

Nilifika nyumbani kukiwa bado na mwanga. Mama mkwe alikuwa mezani na pacha, mabakuli mawili, vijiko viwili. Hakuuliza. Alinitazama miguuni, magoti yamejaa vumbi la karatasi, akapandisha macho mpaka usoni.

"Tumepata," nilisema.

"Nilijua." Alijifuta macho kwa kitambaa cha uji. "Kikombe cha miswaki! Ndio mtu unaweka kijiko humo?"

Nikanawa, nikavuta kigoda, nikamwomba aniachie Mheshimiwa. Nilimpa kijiko. Alikipokea, akafunga mdomo, akainua kiganja kidogo kilichokunjika kati, akatazama ukuta. Kimbunga alikuwa ameshamaliza na alikuwa analamba bakuli kwa nje. Mama mkwe alianza kusema kitu.

"Mwache, Mama," nilisema. Kazini nilikuwa nimemzima Bi Harusi kwa sababu hiihii. Lakini hapa hapakuwa na lori, na mkono ule ulikuwa umeinuliwa kwangu. Nikaweka kijiko chini, nikautazama ukuta pamoja naye, nikasubiri.